Makaa ya Selpher Ayuma

Mwaka 1996, kiwanda cha viungo ambako Selpher Ayuma alikuwa amefagia sakafu kwa miaka tisa kilimwachisha kazi. Aliondoka na kitu kimoja tu: ruhusa ya kubeba takataka. Kila Ijumaa alirudi nyumbani, mtaa wa Mukuru kwa Reuben, Nairobi, na gunia la maganda ya iliki na mabua ya dania kichwani. Aliyachoma ndani ya pipa mpaka yakawa meusi, akayaponda, akayachanganya na uji mzito, kisha akafinyanga mabonge ya makaa na kuyaanika juu ya mabati.

Kosa lake lilikuwa moja. Wiki ya kwanza hakuchambua vikonyo vya pilipili vilivyochanganyika na maganda. Alipoyawasha makaa, ploti nzima ya vyumba vya kupanga ilikohoa, na ibada ya akina mama ikavunjika kabla ya sala. Tangu hapo Mulongo, keateka aliyeisimamia ploti kwa niaba ya mwenye nyumba, ambaye mkewe aliuza makaa ya miti langoni, alipata neno la kusema.

"Mama Clare," alimwambia Selpher, akimwita kwa jina la bintiye, "Jumamosi saa sita natupa uchafu wako mtaroni."

"Njoo na kiti," Selpher akamjibu.

Jumamosi, saa tatu asubuhi, aliwasha jiko kwa mabonge yake mbele ya mlango wa Mulongo mwenyewe, akainjika sufuria ya maharagwe makavu. Akakaa, uso juu ya moshi.

"Hayo yataiva Krismasi!" Mulongo akacheka.

"Basi utakula Krismasi. Keti."

Majirani wakangoja kikohozi. Hakikuja. Ilinukia pilau tu, hadi mzee Opiyo wa chumba cha nne akauliza nyama iko wapi. Kufika saa sita, Selpher hakuwa ameongeza hata bonge moja. Akabonyeza haragwe kwa vidole mbele ya macho ya keateka. Lilikuwa laini.

"Hata hivyo ni takataka," Mulongo akasema.

"Takataka isiyokwisha maadamu Nairobi inakula pilau! Kwetu Vihiga nilipanda mti mwaka niliobatizwa. Ulikatwa, ukawa gunia la makaa, na haukurudi. Haya, yatupe! Mtaro ule pale, mashahidi hawa hapa."

Mulongo aliyatazama mabonge juu ya mabati, kisha wanawake waliokwisha kushika sahani. Akasogeza kiti karibu na sufuria.

"Nipakulie basi."

"Waliokohoa kwanza," Selpher akasema, akachukua upawa.

Ijumaa iliyofuata alirudi na magunia mawili.