Mgeni wa Kwanza wa Programu Yangu

Leo nimemkaribisha mtu kwa maneno matamu, kumbe ni mimi mwenyewe.

Mwaijua ile programu ya bure ya maji kujaa na kupwa, tuliyoiandika na wenzangu hapa Malindi?
Mwenzetu Swaleh ataka iwafae watalii kwanza. Mimi nasema wavuvi wa Ngomeni.
Tukagombana. Nikachukua nakala yake, maana ni ya wote, nikajitenga na kuanzisha yangu.
Faraghani kila mmoja wa wenzangu wengine aliniambia, "Tuko nawe, kaka."

Asubuhi nafungua kompyuta: mtu mmoja amejiunga na programu yangu.
Wallahi niliruka kitini!
Nikaandika, "Karibu sana ndugu yangu, hapa utasikizwa."

Mara simu yangu ya kazini ikalia mfukoni.
"Karibu sana ndugu yangu..."
Jana niliitumia kujaribu kiungo cha kujiunga, nikasahau.

Haya, chekeni.
Lakini sijaitoa kwenye orodha. Nikiitoa, nabaki peke yangu.