Vipimo Vitatu vya Nyumba ya Nne

Siku ya kwanza kazini sikuruhusiwa kugusa chupa. Mkuu wa Baa, mzee kutoka magharibi mwenye sauti ya mwalimu wa kwaya, alinipa kitambaa na trei ya glasi akaniambia nizifute mpaka aone pua yake ndani. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, katika hoteli moja ya mjini Nairobi, na mimi nilikuwa nimetoka Machakos na shati moja la maana. Nilizifuta mpaka akaridhika, kisha akanionyesha kadi.

Nyinyi mnaofanya kazi hii leo mna simu, mkisahau mnabonyeza. Sisi tulikuwa na kadi moja yenye vinywaji ishirini na vinne vya kuchanganya, imeandikwa Kiingereza, na ilikaa kwenye droo ya Mkuu. Kanuni ilikuwa kwamba mgeni asikuone ukisoma. "Daktari akifungua kitabu mbele yako, utakubali sindano yake?" Mkuu alipenda kuuliza. Kila kinywaji kilikuwa na pombe yake, kichachu chake, kitamu chake na vipimo vyake. Kipimo chenyewe tulikiita toti, kikombe cha bati cha vichwa viwili, kidogo kikiwa nusu ya kikubwa. Vinywaji vingine vilitikiswa na barafu ndani ya kopo lenye kifuniko, vingine vilikorogwa tu kwa kijiko kirefu, na ole wako utikise cha kukoroga.

Mimi niliishia darasa la nne. Kiingereza nilikisoma kwa kubahatisha, na hiyo ilikuwa siri yangu. Ilinitesa, kwa sababu baada ya miezi mitatu ya majaribio kila mtu alitahiniwa mbele ya Meneja wa Vinywaji. Ukipita, unaandikwa. Ukianguka, unarudisha koti jeupe na kuonyeshwa lango. Nilikuwa nikilala jikoni kwa kaka yangu Kioko, mtaa wa Maringo. Kioko alikuwa karani, na ndiye aliyenitafutia kazi. Mke wake alikuwa mtu mwema, lakini kila asubuhi ilimbidi aniruke ili awashe jiko. Kuanguka kungemwaibisha kaka, kisha kungenirudisha Machakos kumweleza mama, aliyekuwa akiiombea kazi yangu kanisani akidhani napika chai.

Wiki ya pili Mkuu aliniona nimeikazia kadi macho muda mrefu na macho hayasogei. Hakunisema. Alinisomea yote kwa Kiswahili, polepole, akaanza upya, kisha akaniuliza, "Mutiso, unakaa wapi?"

"Maringo, mzee."

"Laini yenu iko na milango ngapi?"

"Kumi na miwili upande huu, kumi na miwili upande ule."

"Basi hiyo ndiyo kadi yako. Mlango moja, kinywaji moja. Baba ni pombe. Mama ni ile kitu inaonja kali ama tamu. Watoto ni vipimo. Ukiulizwa, anza kwa bomba la maji, tembea, piga hodi."

Nilidhani ananitania. Lakini siku hiyo nilipofika nyumbani nilisimama penye bomba nikaanza. Mlango wa kwanza alikaa Mzee Ndonye, mchonga vinyago, ambaye vumbi la mti lilimkaa midomoni hata Jumapili. Nikampa kile kinywaji ambacho glasi yake huvikwa sukari, yaani unapaka ndimu ukingoni kisha unaichovya kwenye sukari. Wa pili alikuwa karani wa reli asiyepandisha sauti, nikampa cha kukoroga. Wa tisa, fundi wa gereji na mkewe waligombana kila mwisho wa mwezi. Hicho unatikisa mpaka mkono uchoke. Nyumba ya saba ya mlokole niliitia pombe ya jini makusudi nisisahau, Mungu anisamehe. Mimi mwenyewe sijawahi kunywa.

Nyumba ya nne alikaa Baba Adhiambo, dereva wa lori, mweusi na mtulivu. Huyo alikuwa ramu. Mama Adhiambo aliuza samaki, na ulimi wake ulikata bila kisu. Huyo alikuwa ndimu, kipimo kidogo kimoja. Watoto wao watatu walikuwa vipimo vitatu vya maji ya nanasi. Nilizunguka laini ile kichwani nikioga, nikila, nikiwa kanisani. Majirani waliniona nimezidi adabu, jinsi nilivyowajulia hali mmoja mmoja na watoto wao.

Jumamosi kabla ya mtihani, Mama Adhiambo alijifungua mtoto wa kike. Jua lilikuwa utosini, wakamwita Achieng', yaani wa mchana. Jumapili nilifuatana na mke wa Kioko kumwona mtoto, tukapeleka sukari na sabuni, nami nikapewa nimpakate. Jumatatu nikavaa koti langu.

Meneja wa Vinywaji alikuwa mtu mwembamba wa miwani aliyesomea kazi ng'ambo. Alitaja kinywaji, mimi nikapiga hodi kichwani na kumimina. Nilipita kwa Mzee Ndonye salama, kwa karani wa reli salama, hata kwa mlokole. Kisha akataja cha nyumba ya nne. Alipoonja, uso ulimkunjamana.

"Hii iko na nanasi mingi. Umeweka ngapi?"

"Nne, bwana."

"Kadi inasema tatu. Nani alikwambia nne?"

Ningeweza kusema mkono uliteleza. Lakini nilikuwa nimetishika, na mtu aliyetishika husema lililo karibu na mdomo. Nikamjibu, "Bwana, Mama Adhiambo amejifungua Jumamosi."

Meneja alivua miwani. Mkuu alianza kukohoa ndani ya leso, na hakikuwa kikohozi. Ikabidi nieleze yote, milango, akina baba, akina mama, na jinsi darasa la nne lilivyonifikisha pale. Nilieleza huku nikifungua kifungo cha kwanza cha koti, maana nilijua narudisha.

"Huyo mtoto," Meneja akasema, "ukimtoa, unaweza kutengeneza sawasawa?"

"Ndiyo, bwana."

"Mtoe."

Nikamtoa. Nikamimina vitatu. Meneja alionja, akaonja tena, akaimaliza glasi yote. "Mwandikeni," alisema. Nilikwenda stoo nikakaa juu ya kreti la soda, nikacheka peke yangu mpaka machozi. Wiki hiyo nilipata chumba changu hapo hapo mtaani, na mke wa Kioko alinipikia chapati. Sijui nani alishukuru zaidi, yeye au mimi.

Baadaye nilimwuliza Mkuu mbona hakunionya. Alisema hakuiwaza ajali hiyo kwa sababu haikuwahi kumpata. "Mimi nilipanga kwa boma ya babu yangu. Wote wamelala. Wafu hawazai, Mutiso."

Basi niliifunga laini. Aliyezaliwa, kuoa au kuhama baada ya Ijumaa ile, siku moja kabla ya Achieng' kuzaliwa, hakupata nafasi kichwani mwangu. Ilinibeba pale hotelini miaka mingi, ikanibeba katika mkahawa wa Buruburu chini ya mwenye mali tuliyemwita Mwenyekiti, na tena katika klabu ya Donholm, ambako Mkuu wa Baa alikuwa mimi. Niliowafunza niliwasihi watumie marehemu. Mmoja alikaidi akatumia stendi za basi za Jogoo Road, zikahamishwa.

Lakini nitawaambia ukweli. Kwa miaka yote hiyo sikuweza kumwamkia Mama Adhiambo bila mate ya ndimu kunijaa mdomoni. Mzee Ndonye tulipomzika, mimi nilikuwa nafikiria sukari. Nilipostaafu, nafuu kubwa haikuwa miguu. Ilikuwa kupita kwa majirani nisihesabu chochote, mtu akawa mtu.

Juzi Achieng' alikuja kunijulia hali. Ni mwanamke mzima sasa, na ulimi ni wa mama yake.

"Anko Mutiso, laini yote inajua ulinitoa ndio uandikwe kazi."

"Ni kweli. Ilikuwa wewe ama mimi."

"Na hujawahi kunirudisha?"

Niliinuka, nikatafuta ile toti yangu ya bati kabatini, nikakamua nanasi. Ramu sina nyumbani, wala haikuhitajika. Nikapima cha Adhiambo na vya ndugu zake wawili, vitatu kama ilivyoandikwa. Kisha nikapima cha nne, nikampa.