Nusu ya Mdomo

Fizi zangu zilianza kutoa damu nilipokuwa na miaka thelathini na minne, mwalimu wa darasa la tano katika shule moja ya Likasi. Kwanza damu ilionekana kwenye mswaki, kisha kwenye tonge la bukari, ugali wetu, kabla sijalimeza. Mdomo ukaanza kunuka. Nilijua kwa sababu wanafunzi wa mbele walirudisha vichwa nyuma nilipoinama kusahihisha madaftari yao, na kwa sababu mke wangu, ambaye hakuwa mtu wa kuficha neno, hakusema lolote.

Nyumba ya tatu kutoka kwetu aliishi daktari wa meno wa hospitali ya wafanyakazi wa mgodi. Babu yake aliletwa kutoka Kasai kuja kuchimba shaba. Yeye mwenyewe alizaliwa Likasi, kama mimi. Siku niliyokwenda kwake alipenyeza chuma chembamba kati ya jino na ufizi, jino baada ya jino, akitikisa kichwa.

"Mwalimu, meno yako iko mazima," alisema. "Nyumba ya meno ndiyo inabomoka."

Akanieleza kwamba uchafu umejificha chini ya ufizi, ufizi umeachana na jino, na mfupa unaliwa polepole. Lazima kusafisha kule chini kabisa. Halafu akatoa kwenye droo gazeti la Kifaransa la madaktari, lililochakaa kwenye mikunjo.

"Kuko mashine, banaita laser. Ni mwanga tu. Kauzi kembamba kanaingia katikati ya jino na ufizi, mwanga unachoma tu nyama yenye ugonjwa, damu inaganda palepale. Hakuna kupasua, hakuna kushona. Hata madaktari bado banabishana kama inashinda kisu, lakini muntu anarudi nyumbani anakula."

"Iko wapi hiyo mashine?"

"Ulaya. Pengine Afrika ya Kusini. Niliandika kuiomba, wakati kampuni ilikuwa bado inajibu barua." Alifunga droo. "Miye niko na kisu."

Wakati ule tanuru za shaba zilikuwa zinazimika moja baada ya nyingine, na katika hospitali yake glavu zilifuliwa na kuanikwa kwenye kamba. Dawa ya ganzi aliyobakiwa nayo ilitosha nusu ya mdomo. Tulikubaliana aanze upande wa kulia, kushoto tungoje dawa nyingine. Alipasua ufizi, akaufunua kama mtu anayefunua ukurasa, akakwangua mizizi. Maumivu yalikuwa kidogo, ila ule mkwaruzo niliusikia ndani ya fuvu. Alinishona kwa uzi mweusi na kuniambia nirudi baada ya siku kumi.

Siku hizo kumi hazikumalizika kwa amani. Maneno yaliyokuwa yakisemwa sokoni, kwamba watu wa Kasai warudi kwao, yakageuka kuwa vijana wenye marungu wakipita nyumba kwa nyumba. Walifika mtaani kwetu mchana, jua likiwa kali. Nilisimama mlangoni nikaona godoro la daktari likitupwa nje, kisha sufuria, kisha cherehani ya mkewe. Wawili kati ya vijana wale niliwafundisha kusoma. Walinipita wakasema, "Bonjour, mwalimu," kwa heshima ileile ya darasani.

Ningeweza kuwaita kwa majina yao. Badala yake niliweka kiganja shavuni, kuwaonyesha kwamba mdomo wangu umeshonwa. Hakuna aliyeniuliza.

Siku ya kumi na mbili nilikwenda stesheni, walikokimbilia waliofukuzwa, nikiwa na mfuko wa unga. Watu walijaa tangu kwenye reli hadi barabarani, wamelala juu ya mizigo, wakingoja treni isiyojulikana siku yake. Nilimkuta daktari na familia yake chini ya kipande cha turubai. Mkewe alikuwa anachemsha maji, mtoto wao mdogo amelegea mgongoni, anaharisha siku ya tatu.

Niliweka mfuko wa unga karibu na moto. Daktari akatangulia kusema. "Siku ya nyuzi imepita. Ikala hapa chini."

Alitoa mkasi mdogo kwenye mkoba, akautumbukiza katika yale maji yanayochemka, akanigeuza uso nielekee jua.

"Ulituona siku ile, mwalimu," mkewe alisema.

Mkasi ulikuwa mdomoni. Nilinyamaza tena, na mara hii pia nilikuwa na sababu.

"Mama, acha nimalize," daktari alisema taratibu.

Alipomaliza nilimwomba msamaha. Alifuta mkasi kwa shati lake. "Suuza na maji ya chumvi, asubuhi na jioni," alisema. "Upande wa kushoto utafute muntu mwingine. Usingoje."

Hapakuwa na mwingine. Meno ya kushoto yalilegea, yakatoka moja baada ya jingine katika miaka iliyofuata, mengine nikiwa nakula, moja nikiwa mbele ya darasa. Nikajifunza kutafunia upande mmoja. Mke wangu akawa ananipondea nyama kwenye kinu bila kuniuliza.

Nilipokuwa tayari mzee nilipelekwa na binti yangu kwenye kliniki ya Lubumbashi, kwa ajili ya fizi za meno ya mbele. Pale ndipo nilipoiona laser. Ilikuwa kasanduku kenye waya mwembamba. Daktari, mwanamke kijana, alinivisha miwani ya rangi, nikasikia joto kidogo na harufu ya nyama inayoungua, na kabla sijazoea kiti amemaliza. Hapakuwa na uzi. Jioni ile nilikula samaki.

Kabla sijaondoka alikagua upande wa kulia kwa kioo chake kidogo.

"Papa, huku nani alikutibu? Hii ni kazi ya kisu, kazi nzuri sana."

"Jirani yangu wa Likasi."

"Bado yuko kule?"

Nilimwambia alipanda treni ya Kasai, na kwamba sijui kama yeye na mtoto wake walifika. Hilo lilikuwa kweli. Sikumwambia kwamba katika miaka yote hiyo sikuwahi kumwuliza mtu yeyote.