Mgeni wa Jumapili Saba

Nilikuwa mgeni katika kanisa lile la Riruta kwa Jumapili saba mfululizo. Baada ya matangazo mzee wa kanisa alisema wageni wasimame, nami nikasimama. Tulipigiwa makofi, tukapewa kadi ya kuandika jina na mahali tunapokaa, kisha tukapelekwa chumba cha nyuma kunywa chai ya maziwa na mkate uliopakwa siagi. Hakuna aliyeniambia ugeni huisha lini. Na nisiwe mnafiki: chai ile ilikuwa tamu, na pale mezani ndipo mahali pekee Nairobi ambapo mtu aliniuliza habari za nyumbani akangoja jibu.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Nilikuwa nimetoka kwetu magharibi nikapata kazi ya utarishi katika ofisi ya wakili katikati ya mji. Nilipeleka bahasha mchana kutwa, nikiitwa "wewe", na jioni nikarudi kwenye chumba changu katika ploti ya vyumba vya kupanga. Simu ya mkononi niliiona kwa wakili tu. Nilikuwa nimejiwekea sharti kimoyomoyo: mwezi wa pili ukiisha na hakuna mtu kanisani anayenijua, naacha kwenda. Ningefua nguo Jumapili kama majirani zangu, na Mungu angenielewa.

Kwenye kadi nilidanganya. Mahali pa kukaa niliandika Muthangari. Niliwahi kupeleka bahasha huko, nikaona nyua za maua na nyasi zilizokatwa vizuri, nikasema afadhali nikae huko angalau kwenye karatasi. Nilidanganya mara saba, kwa mwandiko mzuri.

Jumapili ya saba, nilipokuwa naelekea kwenye chai, bibi mzee mmoja, ambaye wote walimwita shosho, alinishika mkono. Ndiye aliyesimamia chai ya wageni. Alikuwa mwenyeji wa eneo lile la Dagoretti tangu enzi za babu yake, mfupi, na sweta ya kijani haikumtoka hata jua likiwaka.

"Kijana wangu, umesimama mara ngapi?"

Nikaanza kuhesabu kwa vidole.

"Mimi nimehesabu saba. Mkate ya wageni umekula ya kutosha. Kuja, hii vikombe inakungoja."

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nilipewa beseni na kipande cha sabuni. Nilikasirika, sifichi. Kwetu mwanamume haoshi vyombo mbele ya watu, sembuse vikombe vya kanisa zima. Akina mama walinicheka wakaniambia nikunje mikono ya shati. Nikakunja kwa hasira, nikaosha kwa hasira, nikavunja kimoja. Shosho aliinama akaokota vipande.

"Sasa umekuwa wetu," akasema. "Wageni hawavunji."

Tangu siku hiyo wageni walipoambiwa wasimame, nilibaki nimekaa, kitambaa cha kufutia vyombo kikiwa mapajani. Nikajua nani hatumii sukari na mzee gani hununa akipewa kikombe kilichomeguka. Wenyewe nao wakanijua. Mwezi ukaisha bila mimi kukumbuka lile sharti langu.

Kisha, mvua za masika zikiwa zimekolea, nikapata homa ya matumbo. Ilipofika Jumapili sikuweza hata kufika mlangoni. Nililala nikisikiliza nyimbo za makanisa ya jirani na kuwaza kwamba naweza kufa humu na mtu wa kwanza kujua awe mwenye nyumba, tena mwisho wa mwezi. Niliogopa sana.

Alasiri mlango ukagongwa. Alikuwa shosho, sweta imelowa, pindo la sketi limejaa matope, kikapu cha kiondo begani. Akaketi kitandani bila kukaribishwa.

"Maji imechemka, vikombe iko chafu, na wewe hauko," akasema. "Nikajua uko mgonjwa. Nikaenda Muthangari."

Nilitamani godoro linimeze.

"Nimekuuliza kwa kila geti. Askari mmoja akaniuliza kama wewe ni balozi." Akavua viatu, akavikung'uta. "Nikachoka, nikakaa kando ya barabara. Nikakumbuka viatu zako. Kila Jumapili iko na matope, na Muthangari hakuna matope, kijana wangu. Hiyo ni ya huku kwetu. Nikarudi, nikauliza ploti kwa ploti."

Nililia. Sikuwa nimelia tangu nitoke nyumbani, na sikulia kwa sababu ya homa. Mwanamke wa umri ule alikuwa amezunguka mvuani kumtafuta mwosha vikombe ambaye hata anwani yake ilikuwa ya uongo. Nikaomba msamaha. Alitikisa mkono kana kwamba anafukuza nzi.

Shosho alishatangulia mbele za haki. Beseni sasa liko mikononi mwangu, na mgeni akisimama Jumapili ya tatu namwonyesha sabuni iliko. Sitaki mtu angoje saba. Kila ninapofanya hivyo namshukuru Mungu kwa ajili yake.

Siku ile ya homa alitoa kwenye kiondo kadi moja kati ya zile zangu saba, na kalamu, akakata neno Muthangari kwa mstari mmoja.

"Sasa nikuandike wapi?"

"Riruta. Ploti ya nyuma ya kinyozi. Mlango wa sita."

Aliandika polepole, kadi juu ya goti, akanisomea ili ajue hajakosea. Kisha akatoa chupa ya uji, akaniuliza vikombe viko wapi. Nilikuwa na kimoja tu. Nikamwambia anywe yeye kwanza, maana siku hiyo mgeni alikuwa yeye.