Begonia ya Kaburini

Ucheke ukipenda. Mimi nilikuwepo, na jambo hili lilinitokea mchana kweupe.

Nauza maua ya kwenye makopo hapa mtaa wa Ramadhani, Njombe. Mteja wangu wa Makambako, mwalimu mstaafu anayekusanya begonia, alikuwa akinisumbua nimtafutie ile adimu inayonukia. Nikaikuta bondeni, kando ya msitu. Harufu yake, wee! Tamu mpaka unasahau kwenu. Ilikuwa imeota katikati ya mawe yaliyopangwa. Nilijua ni kaburi la zamani, nikajifanya sijui. Begonia unaiotesha kwa jani moja tu, lakini mimi, kwa tamaa, nikapiga jembe nikang'oa shina zima, nikalitia kwenye kiroba.

Ukungu ukashuka. Nikasikia salamu ya kwetu, "Kamwene, mwanangu."

Mama mmoja, kitenge kikavu, na nyasi zote zimelowa! Ananukia ua lilelile.

"Hilo shimo umemchimbia nani?"

"Ni maua tu, mama."

"Una mtoto?"

Mdomo wangu huu! Nikamjibu, "Ninaye, Upendo, ana miaka sita." Nilipoinua macho, hayupo.

Kwetu kaburi likichimbwa halilali tupu. Msiba ukiahirishwa, watu hulaza hata gogo la mgomba. Mimi nikaliacha wazi, nikakimbia na kiroba changu.

Nyumbani nikamkuta Upendo kitandani, anachemka, hanitambui. Nikamwinamia. Nywele zake zilinukia begonia, na kiroba nilikuwa sijakifungua. Nikamwachia dada yangu ampeleke hospitali, nikapanda bodaboda kurudi bondeni na ua lake yule mama.

Mwanzo nilikuwa nimechimba shimo la kuenea sufuria tu. Nililolikuta lilikuwa refu, limenyooka, kimo cha Upendo. Si zaidi, si pungufu. Ungefanya nini wewe? Nikalilaza ua humo, nikafukia kwa mikono huku nalia, "Mama, nisamehe, chukua chako, niachie wangu."

Dada akapiga simu: mtoto ameamka, anataka viazi.

Amepona, namshukuru Mungu. Lakini ukungu ukishuka, nywele zake hunukia, nami silali mpaka uondoke. Mwalimu bado anapiga simu, sipokei.

Nawe unayetafuta maua ya porini, chukua jani, fukia shimo lako. Na mtu usiyemjua akikuuliza habari za mtoto wako huko, nyamaza. Mimi nilimtaja wangu kwa jina, na yule mama hajalisahau. Jana Upendo kaniuliza ni nani anayemwita bondeni.