Uzio wa Katembo

Katembo Sivyavugha alikuwa seremala wa milango pale Vusamba, mji wa milimani juu ya Butembo, na mlango wake haukusukumwa mara mbili. Sifa yake nyingine ilikuwa kichwa kigumu, na hiyo aliisambaza mkewe Kanyere akiuza majani ya sombe sokoni. "Huyu baba ukimwambia mvua inanyesha," alikuwa akisema, "atatoka nje kwanza aipime kwa futi."

Ebola ilipoingia, Katembo aliitwa kujenga kituo cha matibabu. Injinia alikuwa mwanamke wa Goma, Zawadi, mwenye sauti ndogo na michoro mikubwa. Alimweleza kila kitu: waganga waingie kwa njia hii na watokee ile, wasirudi nyuma kamwe, sakafu iinamie kwenye shimo la maji machafu, chochote kikishaingia upande wa wagonjwa kisitoke, hata msumari. Na uzio uwe wa safu mbili, katikati nafasi ya hatua mbili, ili ndugu na mgonjwa waongee bila kugusana.

"Urefu?" akauliza Katembo.

"Kiunoni."

"Kiunoni kwa nani, mama injinia?"

"Kwako, baba. Mgonjwa akilazwa barazani aonekane."

Hapo ndipo palipomshinda. Kwetu mgonjwa haanikwi. Anayetapika na kuharisha huwekwa chumba cha nyuma, na wanaoingia ni wa damu yake tu. Siku hizi kila mtu ana simu. Wangempiga picha mama wa mwenzao akiwa katika hali ile. Zawadi alipokwenda Beni kwa wiki moja, Katembo akapandisha nguzo za safu zote mbili mpaka juu ya kichwa chake, akavika turubai la buluu pande zote. Alifanya kwa huruma, nataka hilo lijulikane. Injinia aliporudi alifoka, lakini wagonjwa walikwisha kulazwa, akasema watashusha kazi ikipungua. Kazi haikupungua.

Mji ukaanza kunong'ona. Watu waliwaona wenzao wakiingia nyuma ya turubai kwa miguu yao na kutoka ndani ya sanduku. Yaliyotokea katikati, kila mtu alijitungia: wanatolewa figo, wanachomwa sindano ya kuwamaliza. Wenye homa wakakimbilia kujificha mashambani. Sokoni Kanyere aliitetea kazi ya mumewe mpaka sauti ikamkauka, ila nyumbani alimpa yake.

"Kama kuna wema humo ndani, mbona umeufunika?"

"Nimefunika aibu ya watu, Kanyere."

"Basi mimi nikiugua usinitie humo. Mimi sina aibu. Nataka nikuone wewe na wanangu."

"Utaugua nini wewe, mkavu kama ukuni!"

Wakacheka wote wawili.

Mwezi uliofuata dada yake Kanyere alifia shambani alikojificha, na Kanyere akamwosha kwa mikono yake. Homa ilipompata aliificha siku nne, akipika, akikaza kitenge tumboni kuzuia maumivu, maana alijua itampeleka wapi. Siku ya tano alianguka jikoni. Masika, binti yao wa miaka kumi na minne, ndiye aliyekimbia kumwita baba yake. Gari la kituo likaja kumchukua Kanyere. Alimtazama mumewe tu, na Katembo hajausahau mtazamo ule.

Katembo na watoto walichanjwa, watoto wakaambiwa wabaki nyumbani. Yeye alishinda kwenye uzio siku tatu. Siku ya nne asubuhi muuguzi Kahindo, jina lake limeandikwa kwa kalamu kifuani mwa nguo za kinga, alimtoa Kanyere barazani na kitanda chake.

"Katembo, ni wewe?"

"Ni mimi, mama Masika."

"Simama basi nikuone."

"Nimesimama."

"Sikuoni."

Akaruka, mtu mzima wa miaka arobaini na sita, akipunga kofia juu ya turubai. "Unaiona kofia?"

"Shingo hainyanyuki. Naona buluu tu."

Akakimbilia msumeno. Walinzi wakamshika, lakini Zawadi akasema, "Mwacheni akate safu ya nje. Ya ndani ni ya wenye nguo za kinga." Akakata nguzo zake mwenyewe moja baada ya nyingine, huku akiita, "Ngoja kidogo, Kanyere, naja," na Kanyere mwanzoni akiitika. Safu ya nje ikalala. Ya ndani ilibidi isubiri watu wavae, na kuvaa nguo zile hakufanywi kwa haraka, kwa sababu mkono ukiachwa wazi ni kifo. Turubai la ndani lilipoanguka, Kahindo alikuwa amesimama kando ya kitanda, mikono chini. Sasa Katembo aliona kila kitu: kitenge cha ndege wa njano, miguu, na uso uliogeuzwa upande wake, macho wazi, hayaoni tena.

Nyumbani watoto waliuliza jambo moja tu. "Mama alikuona?"

"Aliniona," akasema.

Baada ya hapo watu wa Vusamba walianza kuja mapema, kwa miguu yao, kwa kuwa waliwaona ndugu zao wakinywa uji barazani. Wengi walipona. Wakamsimamisha Katembo njiani, wakamwambia uzio wako umetuokoa, naye akainamisha kichwa na kupita. Moyo wake ulivunjika siku ile na haujaunga.

Miaka mitatu baadaye mji uliamua kujenga wodi ya kudumu ya magonjwa kama yale. Siku ya kupigilia uzio, Masika alimletea baba yake bugali na maharage.

"Lala hapo kwenye kitanda cha barazani, mwanangu," akasema Katembo, "kama mtu asiyeweza kunyanyua shingo." Akatoka nje ya safu zote mbili, akasimama. "Unaniona?"

"Nakuona, baba. Mpaka mkanda wako uliochakaa."

Akakaa kwenye benchi. "Na sasa?"

"Nakuona."

Akasogea kushoto, akauliza tena. Akasogea kulia. Mara ya tano aliyeuliza ni Masika.

"Baba. Mama hakukuona, sivyo?"

Katembo alikuwa amekwisha kubana misumari midomoni ili aanze kupigilia. Akaitoa mmoja mmoja, akaitia mfukoni.

"Hakuniona."

Masika akabaki amelala pale pale, akimtazama.