Kisosi cha Saa Kumi

Harufu ya maganda ya viazi mviringo yaliyolowana ndani ya ndoo tangu asubuhi ni harufu ambayo watu wengi hawajui hata kama ipo. Mimi naijua. Nikipita jirani na kibanda cha chips wakati muuzaji anamenya, pua huanza kuniwasha kabla sijaiona hiyo ndoo, na nikishapiga chafya tatu mfululizo huwa nimesharudi Nyakato, Mwanza, nimekaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba yetu, kisu kidogo mkononi, namenya huku nalalamika.

Mama yangu alikuwa akikaanga chips kibarazani kwetu. Wateja wake walikuwa wafanyakazi wa viwandani, watu wanaotoka zamu na njaa isiyotaka salamu ndefu. Mama ni Mhaya wa Muleba, mwanamke wa kauli moja, anayeweza kukusahihisha Kiswahili chako huku anakufungia chips zako kwenye gazeti. Nyumba aliiendesha kwa kanuni, na kanuni ya kwanza ilikuwa kwamba viazi vya biashara haviliwi na watu wa nyumbani. Ya pili ilimhusu yeye mwenyewe: hakugusa chumvi, kwa sababu ya presha. Mboga yake aliitenga pembeni kabla chumvi haijatiwa kwenye sufuria, na mimi na baba tulimwonea huruma kila mlo, kisha tukala za kwetu.

Baba ni Msukuma wa Misungwi, mtu mpole, na kazi yake ilikuwa kukata minofu ya sangara kiwandani. Jioni alirudi na harufu ya kazi yake, na mara nyingi alirudi pia na kifurushi cha mapanki, yale mabaki ya sangara yanayobaki minofu ikishaondolewa. Mama akiyachemsha na nyanya na ndimu, hutaki tena kusikia habari za minofu. Kwetu samaki hakuwa kitoweo tu, alikuwa kama mwanafamilia.

Kazi yangu baada ya shule ilikuwa kumenya viazi. Nilipofika darasa la nne mikono ikaanza kuniwasha. Ilitoka vipele vyekundu hadi kwenye viwiko, na chafya zikanishika kiasi kwamba kisu kilikuwa kinarukaruka. Nilimwambia mama. Hakuamini, na ninyi mnaosoma hapa naomba msimlaumu mapema. Miezi kadhaa kabla ya hapo nilikuwa na ugonjwa wa kichwa uliokuwa ukianza gunia likifunguliwa na kuisha wenzangu wakianza kucheza rede. Nilikuwa pia na ugonjwa wa tumbo wa Jumamosi tu. Mama alikwishautibu kwa mwarobaini uliochemshwa hadi ukawa mweusi, nami nikapona siku hiyo hiyo. Kwa hiyo nilipokuja na mikono yangu, alitazama vile vipele, akasema viazi huwawasha wavivu, akanisogezea ndoo nyingine.

Nililia kwa hasira. Hakuna kinachouma kama kuugua kweli baada ya kuugua kwa uongo.

Mambo yalibadilika siku midomo ilipovimba. Ilikuwa alasiri, nimetoka shule, na mchana tulikuwa tumekula sato wa kuchoma. Nilihisi ulimi unawashawasha, kisha mdomo wa juu ukaanza kuondoka usoni kwangu peke yake, ukifuatwa na wa chini. Mama aliponiona alitupa mwiko. Mdomo huwezi kuuigiza. Jirani yetu alikuja, akanikagua kama anayechagua tikiti sokoni, akatamka kwamba ni samaki, kwa sababu shemeji yake naye alianza hivyo hivyo.

Zahanati tulimkuta daktari kijana mwenye upole mwingi. Alinipa vidonge vidogo vya njano vya kutuliza mwasho, vile vinavyokulaza hata kama hukuwa na mpango wa kulala, akasema huo ni mzio. Akamweleza mama kwamba mwili wangu unakikataa chakula fulani, na kazi yetu ni kukijua. Tukanunue daftari, kila kinachoingia mdomoni kwangu kiandikwe pamoja na saa yake, na uvimbe ukitokea uandikwe pia. Mama akasema mwandiko wangu ni mzuri, nitaandika mwenyewe. Daktari akakubali, na hapo ndipo lilipofanyika kosa kubwa la uchunguzi ule wote, kumpa kalamu mtu mwenye siri.

Siri yangu ilikuwa kisosi. Juu ya kabati la vioo alimowekea chips za kuuza, kila siku kama saa kumi hivi, mama aliweka kisosi cheupe chenye ua la bluu, kimefunikwa kwa kipande cha gazeti. Ndani mlikuwa na vile vipande vidogo vya chips vinavyobaki chini ya karai, vilivyokauka vikawa vya kahawia na kulia krachu ukivitafuna. Vilinyunyiziwa chumvi sawasawa. Nilidhani mama amejiwekea vitafunwa vyake vya jioni. Akigeuka kumhudumia mteja, mimi hupita, mkono huenda na kurudi, na mdomo hufungwa. Niliviiba kwa miezi mingi na sikukamatwa hata mara moja, nikajiona mwizi hodari kuliko wote Nyakato.

Sasa niambieni, ningeandikaje kwenye daftari? Niliandika kwa uaminifu mkubwa uji wa asubuhi, ugali na mapanki ya mchana, wali na dagaa wa usiku. Nikifika saa kumi niliandika "sijala kitu." Wiki mbili mfululizo, kwa mwandiko wa kupendeza, saa kumi sijala kitu, na siku nyingine saa kumi na moja midomo imevimba.

Daktari alilisoma daftari akaona samaki kila ukurasa. Akasema tuache samaki kwanza.

Mtoto wa Mwanza aliyekatazwa samaki hana raha. Mapanki yalipikwa kwa jirani ili nisisikie harufu, lakini niliisikia. Nilikula maharage hadi nikayachukia, nyama ikija mara mojamoja. Na bado midomo ilivimba, si kila siku, ila mara nyingi kuliko mwanzo, jambo lililomshangaza kila mtu. Mama akaamua kwamba samaki ananifikia kupitia kwa baba. Baba akaamriwa aoge nje, nyuma ya nyumba, abadilishe nguo na kuziacha kwenye beseni, ndipo aingie ndani kunisalimia. Alifanya hivyo bila neno, mtu mzima na kikoi chake, akijimwagia maji huku majirani wanampa pole ya kazi. Siku moja nilivimba hata baada ya yeye kuoga mara mbili, na mama akamuuliza kama ameosha nyuma ya masikio.

Bibi, mzaa baba, alikuja kutoka Misungwi kunitazama. Aliniita mke mwenzie, kama bibi wanavyowatania wajukuu wa kike, na alileta mfuko wa michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa juani. Alikaa siku tatu, akamwona mwanawe anavyooga uani kama mgeni, akasema hajawahi kuona samaki akimtesa Msukuma namna hii. Kisha akarudi kwake kwa huzuni.

Niliyeumia zaidi, nilidhani, ni mimi. Faraja yangu pekee ilikuwa kile kisosi. Na kwa bahati, katika kipindi kile kigumu, kilianza kujaa zaidi.

Basi ikafika kipaimara cha binamu yangu kule Kisesa, kwa shangazi. Mama hakutaka mchezo. Alimtafuta mshereheshaji kabla chakula hakijafunguliwa, na yule bwana akatangaza kwenye spika, mbele ya katekista na ukoo mzima, kwamba kuna mtoto humu anaitwa Koku, mwenye gauni la njano, asipewe samaki hata kwa bahati mbaya. Watu waligeuka kunitazama kwa masikitiko. Shangazi yangu, mwenye moyo mkubwa na mkono mzito, alinivuta hadi kwenye sufuria za pilau. Akasema mtoto wa watu ananyimwa samaki ziwani, basi angalau ale ashibe, akanichotea viazi vya pilau, vile vilivyokunywa mchuzi wa nyama, vitano, halafu cha sita kwa ajili ya huruma.

Nilikula hadharani bila kuangalia nyuma, na vilikuwa vitamu kupita maelezo.

Picha ya ukoo ilipigwa kama robo saa baadaye. Ipo hadi leo sebuleni kwa mama. Binamu yupo katikati na shela yake nyeupe, wakubwa wamesimama wima, na mbele kuna mtoto mwenye gauni la njano ambaye macho yake yamebaki mistari miwili na midomo yake imefika kabla yake. Mpiga picha aliniambia nitabasamu. Nilikuwa natabasamu. Mara tu baada ya hapo pumzi ikaanza kubana, nikatafuta mkono wa mama, na baba akanibeba kukimbilia kituo cha afya cha pale karibu. Walinichoma sindano, wakaniweka chini ya uangalizi hadi jioni. Mama hakuniachia mkono muda wote.

Jumatatu tukawa tena kwa daktari wetu. Mama alimtajia kila nilichokula Kisesa, na samaki hakuwamo. Wali, nyama ya ng'ombe, viazi, kachumbari, soda. Daktari akalifungua daftari kutoka mwanzo. Alipitisha kidole ukurasa baada ya ukurasa, akasema viazi haviwezi kuwa, maana mtoto alivimba mara zote hizi na hakuna siku hata moja iliyoandikwa kwamba alikula viazi. Kilichokuwemo kwenye daftari na Kisesa pia ni wali na nyama. Akasema tuanze kwa kuacha wali, na ikibidi nyama ifuate.

Niliyaona maisha yangu yote mbele, bila samaki, bila wali, bila nyama, Krismasi nikiwa na bakuli la maharage. Na nilikumbuka pumzi ilivyobana. Nikaanza kulia.

"Viazi nilikuwa nakula," nikasema. "Nilikuwa naiba chips za mama, kila siku saa kumi."

Daktari aliweka kalamu chini. Mimi nilijikunja nikisubiri kofi, kwa sababu nilivunja kanuni ya kwanza ya nyumba na kusema uongo kwenye daftari la hospitali. Kofi halikuja. Mama alikuwa ameangalia dirishani, anaikunja na kuikunjua ncha ya kitenge chake.

"Andika viazi, daktari," akasema. "Na mikono yake huwa inamuwasha akimenya. Aliniambia, sikumsikia."

Kuanzia siku hiyo sikumenya tena hata kiazi kimoja, jambo ambalo huko nyuma ningelipigia magoti. Mama alimenya mwenyewe, mbali, na kunawa mikono hadi viwikoni kabla ya kunigusa. Samaki alirudi nyumbani kwa shangwe na baba akaruhusiwa kuingia na harufu yake. Nilijifunza kuuliza kila kitu, kachori ina nini ndani, katlesi imetengenezwa na nini, pilau hili lina viazi au limeondolewa viazi, kwani kuviondoa baada ya kuiva si kupona. Vidonge vya njano vilikaa kwenye mfuko wa shule, na mwalimu alipewa barua. Daktari akasema pia viazi vitamu ni mmea mwingine kabisa, tukavijaribu kidogo mbele yake na sikupata kitu. Bibi alipoambiwa hayo alituma gunia zima la michembe.

Na kisosi kilitoweka juu ya kabati. Niliona ni adhabu, tena adhabu ndogo, nikashukuru moyoni kwamba nina mama asiyesema sana.

Mwaka jana nilienda kumsalimia. Chips ameacha, magoti hayamruhusu. Tulikuwa sebuleni chini ya ile picha, namcheka, nikamwambia ilikuwa ajabu sana, mtu mkali kama yeye kuibiwa miezi yote ile na mtoto wa darasa la nne bila kugundua. Hakucheka. Akaniuliza swali.

"Koku, mimi nakula chumvi?"

Nikaviona vile vipande, vya kahawia, vimenyunyiziwa sawasawa. Nikakiona kisosi kikijaa zaidi baada ya samaki kukatazwa. Nikakumbuka kuwa kilikuwa kwenye ukingo wa kabati, mahali ambapo mkono wangu unafika bila kupanda kitu.

Alisema alikuwa ameweka kanuni, hakujua aivunje vipi bila kuonekana ameivunja. Na alifurahi nilivyokuwa nachukua kwa kujificha. Kumbe alikuwa ananilisha kilichokuwa kinanivimbisha, kwa mkono wake, kila siku. Nilimuuliza kwa nini hakusema pale kwa daktari. Akajibu kwamba alitaka kusema, ila mimi nilikuwa nimeshaanza kulia, na aliona tukilia wawili daktari angetuandikia dawa wote.

Halafu akainuka, akaenda chumbani, akarudi na lile daftari. Alikuwa amelitunza. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri kweli. Niliona "sijala kitu" imejipanga ukurasa baada ya ukurasa, na macho yakanijaa machozi. Miaka yote nilijidai kuwa mwizi, kumbe nilikuwa mtoto anayependwa na mtu asiyejua kulisema.

Niliomba kalamu. Kwenye ukurasa wa kwanza nikakata "sijala kitu", na juu yake nikaandika: saa kumi, chips kisosi kimoja, nimepewa na mama.